Kifaru Hakufika Kesses

Kuna timu ya kriketi iliyowahi kuvaa jina lako na hukuambiwa. Kama umekulia Eldoret, Nakuru, Kericho, Kapsabet, Kitale ama hapa Kesses ninapoandikia haya, mwaka 2011 ulikuwa na timu. Iliitwa Rift Valley Rhinos, vifaru wa Bonde la Ufa. Ilikuwa na jezi, ratiba na wapinzani waliotoka hadi Kampala. Ilichokosa ni sisi.

Nimewauliza watu. Nimeuliza wasee wa nduthi pale stage, nikamuuliza mama anayeniuzia chapati, nikamuuliza mzee mmoja ambaye hukutajia nani alimaliza namba ngapi katika mbio za nyika za miaka ambayo mimi sikuwa nimezaliwa. Huyo mzee alinitazama kama broker aliyemletea shamba la hewa. "Vifaru? Kriketi? Hapa?" Akacheka, akarudia chai yake.

Sasa, mimi si mtu wa kriketi kwa kuzaliwa. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikuwa sehemu ya hiyo stori. Sehemu nyingine si ya leo. Nilibaki Kesses kwa sababu keja huku ni nafuu kuliko Eldoret mjini, na tuseme ukweli, nilikuwa naona haya kurudi nyumbani. Nikaanza kuandika mtandaoni. Chochote: sifa za magodoro, makala za wakili fulani wa Texas, insha za watu waliokuwa bado chuoni wakati mimi nimeshatoka (cheka polepole). Siku moja mteja kutoka India akataka utabiri wa mechi, maneno mia tatu kwa kila moja, nani atashinda na kwa nini. Mashindano yenyewe yanaitwa Vijay Hazare Trophy.

Hayo ni mashindano ya ndani ya India. Kila upande unapewa ova 50, na ova moja ni mipira sita. Unapiga, unakusanya mikimbio, zikiisha ova ama wakitolewa wapigaji kumi, mnabadilishana. Mwenye mikimbio mingi ameshinda. Huo ndio mchezo mzima, na anayekuambia huwezi kuuelewa bila kusoma shule ya mamilioni anakudanganya. Niliuelewa kwa usiku mbili za YouTube na bundles za kuhesabu.

Kilichonishika hata hivyo ni majina ya timu. Jharkhand. Vidarbha. Saurashtra. Baroda. Sio wanyama, sio rangi. Ni mahali. Jharkhand ni jimbo lililoundwa mwaka 2000, na msimu wa 2010-11 likachukua hilo kombe. Huko ndiko anakotoka Mahendra Singh Dhoni, kijana wa Ranchi aliyekuwa akikagua tiketi za treni pale stesheni ya Kharagpur. Alipitia timu ya Bihar, baadaye Jharkhand, na Aprili 2011 akawa nahodha wa India iliyobeba Kombe la Dunia. Hakuhitaji kuzaliwa Mumbai. Kulikuwa na ngazi, na ngazi ilifika hadi kwao.

Kwa hiyo nikajiuliza swali ambalo mtu yeyote wa huku angejiuliza: sisi je? Nikaanza kutafuta, na ndipo nikakutana na vifaru.

Ngoja nikupe hali ilivyokuwa. Kwenye Kombe la Dunia lile lile la 2011, Kenya ilicheza mechi sita ikapoteza zote. Mechi ya kwanza, dhidi ya New Zealand kule Chennai, tulitolewa wote kwa mikimbio 69, na wao wakaimaliza kazi kwa ova nane bila kupoteza hata wiketi moja. Hii ni nchi iliyokuwa imefika nusu fainali mwaka 2003! Wakubwa wa mchezo wakarudi nyumbani, na mwaka huo huo wakaungana na Uganda kuzindua ligi mpya. Mashindano mawili kwa mpigo: moja la ova 20, lingine la ova 50. Timu sita. Uganda ilileta mbili, Nile Knights na Rwenzori Warriors. Kenya ikaleta nne: Nairobi Buffaloes, Kongonis, Coast Pekee na hao vifaru wetu.

(Coast Pekee. Pwani pekee. Mpaka leo sijui aliyechagua hilo jina alitaka kusema nini, lakini angalau alikumbuka Kiswahili.)

Wazo lenyewe halikuwa baya, na sitaki mtu aniambie nimelisingizia. Wachezaji wa timu ya taifa walihitaji mechi ngumu, nyingi, kabla ya kupelekwa nje kupigwa. Ligi ya kanda ingewapa hizo mechi. Sawa. Lakini hapo unachofanya ni kuwagawa wachezaji ulionao katika makundi ili wapimane nguvu. Waite Kundi A na Kundi B, hakuna atakayekulaumu. Ukilibandika kundi jina la Bonde la Ufa, umetoa ahadi. Umemwambia mtoto wa Tarakwa na wa Cheptiret kwamba hiki ni chake. Na wachezaji wengi wa ligi ile walikuwa watu wa vilabu vya Nairobi, walewale waliokutana kila wikendi, sasa wamebadilishiwa fulana tu.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Kabla yake kulikuwa na ligi nyingine ya juu iliyokuwa na timu zinaitwa Eastern Aces, Northern Nomads, Southern Stars. Mashariki, Kaskazini, Kusini. Sasa niambie, huyo mhamaji wa Kaskazini alitoka Marsabit, Wajir ama Lodwar? Ukichora ramani ya Kenya kwa kutumia kriketi utapata nchi kubwa sana yenye dira nzuri, na watu wote wanaishi kati ya Ruaraka na Parklands.

Huku kwetu tumezoea majina yaliyobaki bila wenyewe. Eneo bunge la Kesses lina wadi inaitwa Racecourse. Uliza farasi wako wapi. Mzungu alikuja, akakimbiza farasi wake, akaenda. Jina likabaki kwenye karatasi ya kupigia kura. Lakini huyo hakutudanganya kwamba farasi ni wetu.

Najua jibu linalokuja. Nimelipata kwenye simu, kwenye kibanda, hata kutoka kwa rafiki zangu wanaojiona wamesoma: "Wacha hizo. Kriketi ni mchezo wa Wahindi na watoto wa matajiri. Sisi watu wa huku ni wakimbiaji."

Tuanze na la kwanza. Taja waliomchapa West Indies pale Pune, tarehe 29 Februari 1996, siku Kenya ilipata mikimbio 166 na West Indies, ya akina Brian Lara, ikakwama kwenye 93. Mchezaji bora wa siku hiyo alikuwa Maurice Odumbe. Taja waliomshinda Sri Lanka Nairobi Gymkhana, Februari 2003, wakati Collins Obuya alipochukua wiketi tano. Nahodha alikuwa Steve Tikolo. Walikuwepo Waasia kikosini, na walikuwa wazuri, na vilabu vyao ndivyo vilivyoutunza mchezo huu wakati serikali haikujua hata uko. Lakini ukiita hiyo timu ya Wahindi basi hujawahi kusoma orodha ya majina.

Ila soma hayo majina tena, polepole. Maurice Odumbe na ndugu yake Edward. Tom, David na Steve Tikolo, ndugu watatu. Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya, tumbo moja. Martin Suji na Tony Suji. Baadaye wakaja ndugu wa familia ya Ngoche. Nchi ya mamilioni ya watu, na timu ya taifa unaweza kuiitia chakula kwa nyumba tano!

Kuna watu wanaona hapo hadithi tamu ya damu na kipaji. Mimi naona ua la uwanja. Hao walikuwa watoto waliokulia karibu na viwanja, wakaona wakubwa wakicheza, wakaokota mpira uliovuka ua, kaka akamfundisha mdogo wake. Kipaji cha kriketi Kenya hakikuisha. Hakijawahi hata kutafutwa. Kilichotafutwa ni kile kilichokuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka viwanja vichache vya Nairobi, na kidogo Mombasa.

Na hapa ndipo nawageukia wale wa "sisi ni wakimbiaji". Hebu tuheshimiane. Mnajua ninyi wenyewe kwamba hakuna mtoto wa Uasin Gishu anayezaliwa na kiatu cha mbio. Anakimbia kwa sababu jirani alikimbia. Asubuhi saa kumi na mbili, ukungu bado umelala juu ya bwawa la Kesses, unasikia miguu barabarani: kundi la kwanza, la pili, na nyuma yao kuna wadogo wa shule wanaowafuata kwa utani mpaka utani unageuka mazoezi. Kuna mashindano ya shule, halafu ya kaunti, halafu ya taifa. Kuna kambi Kaptagat, kuna kambi Iten, kuna mbio za nyika za Discovery pale Eldoret ambapo mtu asiyejulikana huamka Jumatatu akiwa na meneja. Na juu ya yote kuna ile nyumba ya ghorofa kando ya barabara ambayo kila mtoto anajua imejengwa na pesa za marathoni gani. Watu wa nje wanakuja na mashine kupima damu zetu. Wangepima umbali kutoka mlango wa mtoto hadi mashindano yake ya kwanza wangepata jibu kwa bei rahisi.

Raga nayo imelielewa hilo, angalau nusu. Msimu wa wachezaji saba kila upande unazunguka: Prinsloo iko Nakuru, Dala iko Kisumu, Driftwood iko Mombasa, Christie iko Nairobi. Mtoto wa Nakuru anaweza kulipa kiingilio, ama kuruka ua, akamwona kwa macho yake mchezaji wa timu ya taifa akikabwa na kijana wa mtaa wao. Hilo halihitaji filosofia. Linahitaji basi la timu kupanda Mai Mahiu.

Sasa turudi kwa wale wageni wa ligi ya 2011, Waganda. Tuliwaalika kama wadogo. Sisi ndio tuliokuwa na nusu fainali kabatini. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja baada ya kushindwa kufuzu, na sisemi ligi ya vifaru ndiyo iliyoua. Ilikuwa na misimu michache tu ya kuishi, na mgonjwa alikuwa na magonjwa mengine, vurugu za ofisini na kashfa ya upangaji wa mechi zikiwemo. Lakini tazama Uganda ilifanya nini. Kule wana wiki ya kriketi ya shule, miaka nenda miaka rudi. Wana shule kama Busoga College Mwiri, nje ya Jinja, ambako mchezo huu umekaa mpaka ukawa wa nyumbani. Novemba 2023, mjini Windhoek, wakamshinda Zimbabwe na kufuzu kwa Kombe la Dunia la ova 20. Kenya ilikuwa kwenye mashindano hayohayo ya kufuzu. Ilirudi nyumbani.

Juni 2024, kule Guyana, Uganda ikamshinda Papua New Guinea. Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha ova zake nne akatoa mikimbio minne peke yake na kuchukua wiketi mbili. Miaka 43! Siku chache baadaye West Indies wakawatoa Waganda wote kwa mikimbio 39, na mitandao yetu ikacheka. Tulicheka tukiwa wapi? Kwenye kochi.

Na Rwanda, ambao hawakuwa hata kwenye ligi ile, walifungua uwanja wao wa Gahanga mwaka 2017, na Januari 2023 wasichana wao wa chini ya miaka 19 wakawashinda Zimbabwe na West Indies kwenye Kombe la Dunia. Mwaka 2003 Kombe la Dunia la wanaume liliandaliwa na Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya. La 2027 litaandaliwa na Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Soma tena hiyo sentensi, uone kiti chetu amekalia nani.

Sababu ya kuyaandika haya sasa ni kwamba kila baada ya muda lile wazo linafufuka. Mtu anasema kriketi ya Kenya itaokolewa na ligi ya kisasa: timu za miji, majina makali, taa, muziki, wachezaji wawili watatu waliostaafu kutoka Asia. Na wasee wa rika langu tunapenda vitu vyenye taa, tunashabikia. Mimi nakataa. Simaanishi ligi isiwepo. Nakataa kukopeshwa jina tena. Ukitaka kuiita timu Rift Valley, ama Eldoret sasa kwa vile tumepewa hadhi ya jiji, basi icheze nusu ya mechi zake huku, hata kama ni kwenye uwanja wa shule wenye ng'ombe upande wa pili wa uzio. Iwe na sharti la wachezaji waliosoma huku, wanne kwa kuanzia, wakipigwa wapigwe. Na kabla ya jezi ya kwanza kushonwa, mwageni saruji. Njia ya kuchezea kriketi ni kama mita 20, kutoka wiketi hadi wiketi. Mita ishirini za saruji bapa na mkeka juu yake, kwenye shule kumi za Uasin Gishu na Nandi. Tumeona saruji nyingi zaidi ya hiyo ikimwagwa kwenye misingi ya miradi ambayo haijawahi kuota ukuta.

Watasema mdhamini hawezi kuja Kesses, hakuna kamera. Kweli. Ila mdhamini alikuwa Nairobi na kamera zilikuwa Nairobi, na ligi ikafa hukohuko Nairobi.

Nilijaribu kitu mwaka jana, na sikioni kama mfano wa kuigwa. Nilimwomba fundi wa viti anichongee bati la kriketi kutoka kipande cha mbao, nikanunua mipira mitatu ya tenisi, nikatafuta nyasi fupi karibu na bwawa. Walikuja watoto kama kumi na wawili, wengi kwa sababu ilikuwa Jumamosi na ng'ombe walikuwa wameshiba. Wiketi ilikuwa debe. Nilifundisha nilichokijua, ambacho si kingi, na mara mbili nilisahihishwa na mtoto aliyetafuta sheria kwenye simu yangu.

Kulikuwa na kijana mmoja wa Gredi ya Nane. Huyo huchunga, na anayechunga huku anajua kurusha jiwe likatua mbele ya ng'ombe bila kumgusa, hatua arobaini, hamsini. Nilimwambia mkono lazima unyooke, usikunje kiwiko. Akajaribu mara tatu zikaenda ovyo. Ya nne ikagonga debe. Ya tano ikagonga debe. Akaanza kuiacha idunde karibu, mbali, karibu, kwa kutaka, na wenzake wakaacha kelele wakawa wanatazama tu. Mimi nimetazama saa nyingi za warushaji wanaolipwa, na nywele zilinisimama.

Tulipoketi kunywa maji akaniuliza, bila utani, kama mtu anayeuliza nauli. "Sasa, uncle, mtu akiijua hii kabisa, inampeleka wapi?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia kuhusu Ranchi na yule mkaguzi wa tiketi. Nilitaka kumwambia kuna timu inaitwa Rhinos. Kijana ambaye kaka yake mkubwa yuko kambini Kaptagat ananiuliza barabara, na mimi nina stori. Nikamwambia, "Bado naangalia." Akatikisa kichwa kwa adabu, vile unavyomfanyia mtu mzima aliyekuangusha.

Alikuja Jumamosi mbili zaidi. Ya tatu nikamwona barabarani asubuhi, nyuma ya kundi la wakimbiaji, mkono wake ule wa kulia ukipepea hewani bila kazi. Nilipopita kwao kuulizia bati langu, mama yake aliniambia, "Aa, ile mbao yako, kijana? Iko hapo, tumefungia mlango wa ndama."

Nikamwacha nayo. Ilikuwa imekaa vizuri.